Shehena, Mashua na Watu 276

Soma Matendo 27. Ni sura ndefu, lakini isomwe yote kwa mara moja, na kwa sauti kama darasa lina nafasi.

Merikebu iliyompeleka Paulo upande wa Rumi ilikuwa ya Aleksandria, nayo ilibeba ngano. Katika karne ya kwanza jiji la Rumi lililishwa kwa sehemu kubwa na ngano ya Misri, na mwenye merikebu aliyeifikisha salama alikuwa amefanya biashara nzuri. Luka anaisimulia safari hiyo kama mtu aliyekuwamo, maana alikuwamo. Anautaja upepo kwa jina, kina cha maji kwa pima, idadi ya nanga, hata idadi ya watu: 276. Tena, pasipo kusema kwamba ndiyo nia yake, anatuachia orodha ya vitu vilivyoachwa baharini kimoja baada ya kingine, na siku kilipoachwa.

Orodha hiyo inafaa kuchunguzwa, kwa sababu siku hizi ushauri wa kutupa ni mwingi. Redioni, kwenye simu, hata mimbarini watu wanaambiwa wapunguze, waachilie, wasibebe kila kitu. Ni ushauri mzuri na Biblia haiupingi. Kuna watu wengi wanaochoka bila sababu ya lazima. Lakini ushauri huo mara nyingi hauulizi ni kitu gani kinachotupwa, wala ni nani atakayezama kikishatupwa.

Dhoruba yenyewe ilianza kwa jambo dogo. Walikuwa wamefika Bandari Nzuri, mahali palipokuwa salama ila hapakufaa kukaa wakati wa baridi. Kulikuwa na bandari nyingine bora zaidi, Foinike, mbele zaidi kwenye pwani ya Krete. Paulo aliwaonya, akida akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, watu ambao kwa kweli waliijua kazi yao. Upepo wa kusi ukavuma polepole, kila mtu akaona shauri lao limefanikiwa. Mikopo mingi ya leo, na majukumu mengi, huanza na upepo wa namna hiyo.

Soma mafungu ya 18-20. Ni nini kilitupwa kwanza, na hali ya watu ikawaje baadaye?

Siku ya pili ya dhoruba walianza kutupa shehena. Siku ya tatu walitupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Mtu angetazamia kwamba fungu linalofuata lingesema wakapata nafuu. Halisemi hivyo. Linasema jua na nyota hazikuonekana siku nyingi, na tumaini lote la kuokoka likakatika. Merikebu ilikuwa nyepesi zaidi, na watu walikuwa wamekata tamaa zaidi. Kupunguza mzigo kulikuwa hekima ya baharini, hakuna anayewalaumu, lakini hakukuwaletea utulivu. Mkono uliokuwa ukitupa ulikuwa bado unatetemeka.

Fikiria mama mmoja wa siku hizi. Ni shemasi kanisani na mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ana duka la vitenge sokoni, na kibanda cha pili alichokifungua kwa mkopo wakati upepo ulipokuwa mzuri. Yumo katika makundi kumi na mawili ya WhatsApp, matatu kati yake ni ya michango ya harusi za watu asiowajua vizuri. Nyumbani kwake anaishi mama mkwe aliyepoteza kumbukumbu. Anauliza swali lilelile asubuhi nzima, na usiku hufungua mlango kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa miaka mingi iliyopita.

Mama huyu anapoambiwa apunguze, anaanza na kilicho rahisi. Anajitoa katika makundi tisa ya WhatsApp siku moja. Anapata utulivu wa jioni moja. Usiku mlango unafunguliwa, anaamka na kuwasha tochi. Kisha anasikia ushauri mwingine, wenye maneno matamu zaidi, kwamba aondoe maishani mwake kila kinachomwibia amani. Akiwa mkweli mbele za Mungu, anajua kinachomwibia amani kuliko vyote si WhatsApp. Ni bibi kizee wa chumba cha nyuma, anayemwita “mwanangu” leo na kesho akamwita mwizi. Mama huyu si mtu mbaya kwa kuwaza hivyo. Amechoka.

Sasa rudi kwenye Matendo 27:30-32. Usiku wa kumi na nne mabaharia walipima maji wakapata pima 20, kisha pima 15, wakajua nchi kavu iko karibu. Wakateremsha mashua baharini, wakijifanya wanakwenda kuweka nanga upande wa omo. Kwa kweli walikuwa wanakimbia. Hakuna aliyeweza kuwazuia kwa hoja, maana kuweka nanga ni kazi njema. Lakini wao ndio waliojua kuiendesha merikebu, na wangewaacha nyuma askari, wafungwa na abiria wasiojua lolote. Hao nao walikuwa wanaachilia. Walikuwa wanaachilia watu.

Hapo ndipo kuna hatari, na ndiyo maana Luka hakuiruka habari hiyo. Kwa nje, kutupa shehena na kuteremsha mashua vinafanana. Vyote viwili vinapunguza taabu, na vyote viwili vinaweza kuelezwa kwa maneno mazuri. Mama yule anaweza kusema kwamba kijijini hewa ni nzuri, kwamba wazee hupenda kurudi kwao, na kwamba shemeji yake ana nyumba kubwa. Huenda yote ni kweli. Lakini ikiwa anajua kwamba shemeji huyo huondoka alfajiri na kurudi usiku, na kwamba bibi atashinda peke yake na mlango umefungwa kwa nje, basi nanga anazosema anakwenda kuziweka hazipo. Kama kijijini yupo wa kumtunza kweli, na jambo limesemwa wazi na wote, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mtu darasani atamtaja Yona, na ana haki ya kumtaja, kwa kuwa katika merikebu ile mtu alitupwa na bahari ikatulia. Basi Yona 1 isomwe kwa utaratibu. Mabaharia wale, watu wasiomjua Bwana, walitupa shehena kwanza. Yona mwenyewe ndiye aliyesema wamtupe, na hata baada ya kuambiwa hivyo walipiga makasia kwa nguvu ili wairudishe merikebu pwani. Walimtupa baada ya kushindwa, wakimwomba Mungu asiwahesabie damu isiyo na hatia. Ni vigumu kuyatumia mafungu hayo kumhalalisha mtu anayetafuta usingizi mzuri kwa kumwondoa mwenzake.

Tena haya hayasemwi ili anayepigwa nyumbani aambiwe avumilie. Anayeukimbia mkono unaotaka kumuua hajamtupa mtu baharini. Yeye ndiye aliyetupwa, naye anaogelea.

Ni nini basi kilichobadilisha hali merikebuni, kama si wepesi wake? Soma mafungu ya 21-26 na 33-38.

Paulo alisimama kati ya watu waliokuwa hawajala siku nyingi, akawaambia alichoelezwa na malaika. Merikebu itapotea, na hakuna hata mtu mmoja atakayepotea. Mungu alikuwa amempa Paulo watu wote waliosafiri pamoja naye. Neno hilo lisipitwe haraka. Wafungwa, askari, na mabaharia waliokuwa wakijiandaa kutoroka, wote walihesabiwa kama zawadi aliyopewa mfungwa mmoja. Siku ya kumi na nne alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula. Wote wakachangamka, wakala. Ndipo Luka anataja idadi yao, 276, kana kwamba ni mara ya kwanza mtu yeyote kuwahesabu. Na baada ya kushiba wakaitupa ngano.

Ngano ndiyo iliyokuwa maana ya safari. Kwa ajili yake merikebu iling'oa nanga majira mabaya, na kwa ajili yake mwenye merikebu alibishana na Paulo. Katika siku zote za hofu hawakuimaliza. Walitupa vingine vyote wakaibakiza hiyo. Waliweza kuiachilia asubuhi ile tu, dhoruba ikiwa bado inavuma, wakiwa wamekwisha kuliamini neno na kula mkate. Kitendo ni kilekile cha siku ya pili, lakini mikono haitetemeki tena.

Kila mtu ana ngano yake, na mara nyingi si kitu anachokifikiria kwanza. Kwa mama yule inaweza isiwe kibanda cha pili, ingawa pengine nacho kitafungwa. Inaweza kuwa sifa ya kuitwa mwanamke hodari asiyeshindwa na kitu. Kwa ajili ya sifa hiyo hajawahi kumwambia mume wake kwamba usiku halali, wala hajawahi kuwaita wifi zake wakae chini wapange zamu. Akina mama wa Dorkasi wamemuuliza mara mbili kama anahitaji msaada, naye mara zote mbili amejibu kwamba Mungu anasaidia.

Katika Biblia ya Kiswahili, Wagalatia 6 hutumia maneno mawili mahali ambapo msomaji wa haraka huona jambo moja. Fungu la 2 linataka watu wachukuliane mizigo. Fungu la 5 linasema kila mtu atalichukua furushi lake. Watafsiri hawakukosea. Paulo mwenyewe alitumia maneno mawili tofauti ya Kigiriki. Furushi ni lile ambalo mtu hawezi kumpa mwingine, kama vile dhamiri yake, ulimi wake na hesabu atakayotoa. Mzigo ni ule unaomwelemea mmoja na unaobebeka na wengi. Mama mkwe aliyepoteza kumbukumbu ni mzigo, na si tusi kusema hivyo. Kosa la mama yule si kwamba anatamani kuutua. Amemfanya bibi kuwa furushi lake peke yake, kisha, alipochoka, akaanza kuitazama mashua.

Familia nyingi za Kiadventista zina nafasi ya kulijaribu jambo hili kila juma. Ijumaa jua linapokaribia kuzama, kuna nguo ambazo hazijafuliwa, hesabu ambazo hazijafungwa, na mteja aliyeahidi kuja. Vyote vinaachwa jinsi vilivyo. Lakini mgonjwa hafungiwi chumbani kwa sababu Sabato imeingia. Analishwa, anafunikwa, anasogezwa karibu na wanaoimba. Aliyetenga kazi na watu kwa namna hiyo Ijumaa moja anaweza kuijua tofauti yake hata Jumanne. Ila yapo makao ambamo Sabato hufunguliwa kwa nyimbo huku mtu mmoja, kwa kawaida yuleyule, akiwa bado jikoni.

Mwisho wa sura, merikebu ilipokwama, askari walishauriana kuwaua wafungwa. Hawakuwa na chuki nao. Mfungwa akitoroka, mlinzi angeweza kulipa kwa uhai wake, kama Matendo 12:19 inavyoonyesha, na kuwaua kungerahisisha mambo. Yulio akida alikataa, kwa kuwa alitaka kumponya Paulo. Akaamuru wanaojua kuogelea wajitose kwanza. Wengine walifika pwani ya Melita juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya merikebu.

Swali la kujadili darasani: Je, kuna mtu katika kanisa lenu aliyeambiwa “tunakuombea” siku ambayo mashua ilikuwa inateremshwa? Ni nani angeweza kukaa naye Sabato ijayo asubuhi, ili anayemtunza aje ibadani?