Mwanafunzi Anasomea Nini?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili anasoma ili iweje, atakujibu: nipate kazi nzuri. Jibu hilo hakulibuni yeye. Amelisikia nyumbani, amelisikia mstarini asubuhi, amelisikia kwa kila mgeni rasmi aliyewahi kuhutubia mahafali. Kisha huyohuyo akianza kusinzia darasani, kutoroka vipindi na kuishi kwa madesa, tunamwita mvivu. Nadhani tunamwonea. Mvivu ni yule anayeijua thamani ya jambo na bado akakwepa jasho lake. Huyu hajaonyeshwa thamani yoyote iliyomo ndani ya elimu yenyewe. Ameahidiwa malipo tu, na sasa ameanza kuyatilia shaka.

Tena ana haki ya kutilia shaka. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwanafunzi wa leo huenda hajui habari hiyo, wala haihitaji: mtaani kwake yupo mwenye shahada anayeendesha bodaboda, na yupo aliyeishia darasa la saba ambaye keshaezeka nyumba. Ikiwa shule ni njia ya kufikia ajira na si zaidi, basi kijana anayeichoka baada ya kuona ajira hazipo amepiga hesabu sawasawa. Kilichokosewa ni swali tulilompa.

Lakini hata ajira zingekuwepo tele, nina shaka kama hamu ingerudi. Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwachunguza watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa zawadi wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Baadaye watoto wote walipoachwa wachague wenyewe mchezo, walioahidiwa zawadi walichora kidogo kuliko wenzao. Zawadi yenyewe, kwa taarifa ya wapenda mitihani, ilikuwa cheti. Mtu atasema kuchora ni mchezo, na hakuna mtoto anayezaliwa akipenda aljebra. Ni kweli, lakini hakuna pia mtoto wa miaka minne asiyewachosha wakubwa kwa maswali. Hamu ya kujua huingia nayo shuleni. Tunachopaswa kueleza ni kwa nini hufika kidato cha nne bila hiyo hamu.

Wanazuoni wa dini walilitazama jambo hili mapema kuliko wanasaikolojia, nao waliliita nia. Imamu al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, cheo ambacho hakikuwa na kifani katika zama zake. Anasimulia kwamba alipoipima nia yake ya kufundisha aliikuta haielekei kwa Mungu bali kwenye jaha na sifa. Ikafika siku ulimi ukagoma kutamka somo. Mwaka 1095 aliondoka Baghdad akaacha vyote. Hakuna atakayemwita al-Ghazali mvivu. Hakupungukiwa na akili, wala mshahara, wala wanafunzi. Kilichomkwamisha ni kwamba elimu aliyokuwa nayo ilikuwa inatumikia kitu kidogo kuliko yenyewe. Kama jambo hilo lilimwangusha bingwa, kwa nini tushangae likimwangusha mtoto wa miaka kumi na tano?

Pingamizi zito linatoka kwa mzazi maskini. Atasema: kupenda elimu kwa ajili ya elimu ni anasa ya walioshiba, mimi nimeuza mbuzi ili mwanangu anitoe kwenye shida. Simbezi. Ila yeye anachanganya manufaa na ajira. Nyerere, ambaye hakuwa na subira na usomi wa kujipamba, alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwamba shule ya msingi imepangwa kuwaandaa wachache watakaoendelea, huku walio wengi wakionekana wameanguka. Alitaka kila hatua ya shule imfae aliyeipita, hata asipopanda ya pili. Mtoto anayeelewa kwa nini mahindi ya jirani yamenyauka amefaidika leo, bila kungoja tangazo la kazi. Bahati mbaya, shule nyingi ziligeuza jembe kuwa adhabu, na wazo likafia shambani.

Wengine watataja madarasa yaliyofurika na Kiingereza kinachomvamia mtoto kidato cha kwanza baada ya miaka saba ya Kiswahili. Nakubali kabisa, asiyeweza kuuliza kwa lugha anayoimudu hawezi kuendelea kutamani kujua. Lakini sikiliza utetezi wa Kiingereza hicho: soko la ajira linakitaka. Tunarudi palepale. Na mtihani ukituangusha, tunarekebisha alama badala ya elimu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakapangwa upya, idadi ya waliofaulu ikapanda. Vichwani mwa vijana wale hakikuongezeka kitu.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Ni hatua njema, na inaweza kuharibika kwa urahisi. Tukiunadi kama mlango mwingine wa ajira, wenye vyeti vyake na mitihani yake ya kukariri, waliotoroka jiometri watatoroka na useremala. Walimu wa mkondo huo wapewe muda wa kuacha wanafunzi waulize, wakosee, wabomoe na kuunda upya kabla hawajapimwa. Ratiba ya sasa haiwapi muda huo.