Kitabu Kilichopotelea Maktabani

Maktaba ya Kitume ya Vatikani, yenye vitabu vya chapa zaidi ya milioni moja, ilifungwa Julai 2007 kwa ukarabati, ikafunguliwa tena Septemba 2010. Vitabu vyake vingi leo vimebandikwa chipu ndogo za RFID, zinazosomwa kwa mawimbi ya redio. Kabla ya hapo, kila mwaka maktaba ilisitisha huduma kwa takriban mwezi mmoja ili vitabu vihakikiwe. Sasa mhudumu hupita kati ya rafu na kisomaji mkononi, na kazi huisha kwa muda mfupi mno.

Anachokitafuta si kitabu kilichoibwa tu. Kuna kile ambacho mtu alikisoma akakirudisha kwenye rafu isiyo yake. Kimo humo humo, hakina hata mkwaruzo, lakini anayekihitaji hakipati. Katika Luka 15 tunapenda sana kumhubiri kondoo aliyepotelea nyikani, tukampita haraka yule mama aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi. Sarafu yake, kama kitabu hicho, haikutoka nje. Ilipotelea nyumbani, na ndiyo maana aliwasha taa na kushika ufagio.

Nimependa kujua kisomaji hicho kinavyotayarishwa. Chipu haina betri. Imenyamaza mpaka mawimbi ya redio yaifikie, na nguvu ya mawimbi hayo ndiyo inayoiwezesha kutaja namba yake. Chipu za maktaba husomeka kwa karibu tu, kwa hiyo ni lazima kuifuata kila rafu. Rafu ikiwa ya chuma, mawimbi huvurugika na mhudumu husogea zaidi. Lakini kabla ya yote hayo, namba ya kila chipu huunganishwa na kitabu chake kwenye katalogi, kisha orodha ya vitabu vinavyopaswa kuwa kwenye rafu ile huingizwa katika programu ya kisomaji. Bila orodha hiyo, kifaa kitataja chipu zilizojibu, basi. Kitabu kisichokuwepo hakitoi mlio wowote.

Hapo ndipo ninapotuonea uchungu sisi. Kila Jumapili tunahesabu watu na kuandika jumla. Fikirini baba mmoja aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya. Tangu alipomzika mkewe, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na matangazo yakianza huwa ameshaondoka. Kila Jumapili anahesabiwa. Jumla iko sawa, nasi tunamshukuru Mungu kwa mahudhurio mazuri, ilhali ndugu yetu amepotea mbele ya macho yetu. Nani kati yetu anajua nafasi yake ilikuwa wapi, hata aone kwamba ameihama?

Viongozi wa jumuiya, nawasihi sana: mkikutana wiki hii, msihesabu vichwa. Fungueni daftari la waamini, mlisome jina kwa jina, mkiulizana kila mmoja yuko wapi na anaendeleaje. Jina ambalo hakuna awezaye kulitolea habari, watu wawili waende kwake siku hizi hizi, wala wasitume ujumbe wa simu. Wabishe hodi, wakae, wamsikilize hata kama atachelewa kufunguka. Na katika ziara hiyo ya kwanza, habari za michango zisitajwe kabisa.