Kabureta Mpya katika Pikipiki ya Zamani

Somo: Mathayo 9:14-17



Wengi wenu mwaijua pikipiki ya usharika wetu. Imewachukua wachungaji watatu kabla yangu, na ingali ikipanda vilima vya Iringa wakati wa masika, njia zikiwa tope tupu. Lakini kabureta yake ilikuwa imechakaa. Petroli ilidondoka chini usiku kucha, na vipuri vya aina ile havipatikani tena madukani. Nilipokwenda Mbeya kwa mkutano nikaona katika duka moja kabureta ya pikipiki za siku hizi, safi, yenye kung'aa, nikainunua kwa furaha. Nataka kuwasimulia habari zake, kwa kuwa kwa kitu kile Bwana alinifundisha maana ya somo letu, nami nilijifunza kwa uchungu.

Kwanza yafaa tujue kazi ya kabureta. Injini huvuta pumzi kama mtu. Hewa ipitapo katika koo la kabureta, pale palipo pembamba huenda mbio na msukumo wake hupungua. Ndipo petroli hupanda kutoka katika bakuli lililo chini, kwa tundu dogo liitwalo jeti, ikatawanyika hewani kama umande. Kipimo kifaacho ni karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Petroli ikizidi, moshi mweusi hutoka na plagi hujaa masizi. Hewa ikizidi, injini hupata moto mno, plagi huwa nyeupe, na mwisho pistoni huweza kutoboka. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza petroli mwaka 1893, miaka miwili tu baada ya wamisionari wa Berlin kufika nchi ya Konde, na tangu hapo mafundi hawakuacha kuitengeneza upya. Katika ile yetu ya zamani waya wa mkono uliinua kizibo moja kwa moja. Katika hii mpya waya hufungua mlango mdogo tu, na kizibo huinuliwa na mvuto wa hewa yenyewe, kwa kadiri injini ihitajivyo. Ni kazi ya akili, wala sikukosea kuipenda.

Nikampa fundi wa kijijini kwetu. Akaigeuzageuza mkononi, akasema, "Mchungaji, hii ni nzuri, lakini haikutengenezwa kwa pikipiki hii. Koo lake ni milimita 26, na la ile ya zamani ni 22. Niachie siku tatu." Nikamjibu kwamba siku tatu sina, maana Jumapili nina ibada katika mitaa miwili. "Ifunge tu, Fundi, nami nitakwenda." Akaniheshimu kwa ajili ya kazi yangu, akanyamaza. Mdomo wa kabureta haukulingana na mpira wa kuiungia, basi akauzungushia ukanda uliokatwa katika tyubu ya gurudumu, akaukaza. Katika barabara iliyo sawa pikipiki ilikwenda kwa wepesi ambao sijauona tangu niipokee. Nikamshukuru Mungu, nami moyoni nikamcheka fundi.

Siku ya nne, saa nane za usiku, kijana alibisha mlangoni. "Shikamoo, Mchungaji. Bibi anaomba Chakula cha Bwana. Hali yake si nzuri." Bibi yule alikaa juu mlimani, mwendo wa kilomita 14. Nikatwaa mkoba wenye mkate na divai, nikampakia kijana, tukaondoka. Tulipofika penye mlima mkali nikaongeza mafuta, na injini ikazima. Petroli ilikuwa imeulainisha ule ukanda wa tyubu, ukateleza, na hewa ikaingia kwa wizi mahali pasipo pake. Tukaisukuma, ikawaka, ikazima; ikawaka tena, ikazima tena. Mwisho tukaiacha uani kwa mtu, tukapanda kwa miguu gizani, na mvua ikinyesha.

Tulifika kulipokucha. Binti yake alitoka mlangoni, akasema, "Karibu, Mchungaji. Amekwisha kutuacha. Alikuwa akiuliza, Mchungaji amefika wapi?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilisimama na mkoba mkononi, maji yakinitiririka nguoni. Najua, nanyi mwajua, ya kwamba Bwana aliyempokea bibi yule katika ubatizo hakungoja pikipiki yangu. Tena binti akaniambia kwamba saa ile ya mwisho walisema Imani ya Mitume pamoja naye, naye akaifuata mpaka sauti ilipokwisha. Kwa hiyo sina shaka juu yake. Lakini mimi mwenyewe nilihukumiwa moyoni, maana zile siku tatu za fundi nilimnyima kwa haraka na kwa kiburi.

Baada ya maziko nikamrudishia fundi pikipiki, nikakaa karibu naye nikitazama. Safari hii alitumia siku tano. Akapeleka kipande cha alumini kwa mchonga vyuma wa Mafinga, akachongewa kiungo kilicholingana na injini upande mmoja na kabureta upande wa pili. Akatia mpira mpya na vibano viwili, akabadili waya wa mkono, akasafisha kichujio cha hewa. Nilidhani amekwisha, kumbe bado. Tulipoijaribu ikatoa moshi mweusi. Maana sasa hewa ya wizi imezuiwa, na kosa la pili likaonekana, nalo ni jeti kubwa mno. Mji wa Iringa uko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na Mbeya karibu mita 1,700. Hewa ya huku ni hafifu, imepungua kama sehemu 15 katika 100 kuliko ile ya pwani. Jeti ifaayo Dar es Salaam huleta petroli nyingi kupita kiasi huku kwetu. Fundi akatia jeti ndogo, akaenda kilomita tano, akatoa plagi na kuitazama; akatia nyingine ndogo zaidi, akaenda tena. Hata jioni ya siku ya tano plagi ikatoka yenye rangi ya kahawia, akasema, "Sasa zimepatana."

Sasa turudi katika somo. Wanafunzi wa Yohana walikuja kwa Bwana Yesu na swali la kufunga. Naye akawapa mfano wa kiraka kipya juu ya vazi kuukuu, na wa divai mpya katika viriba vilivyozeeka. Mara nyingi twausoma mfano huu kana kwamba Bwana avidharau vitu vya zamani. Lakini tazameni vema. Asikitikia lile vazi, maana lilikuwa lingali likivalika kabla ya kiraka kulirarua. Avisikitikia na viriba pia. Na Mathayo amaliza kwa kutuonyesha kwamba penye utaratibu mwema divai husalimika, na viriba navyo husalimika. Bwana hapendi kimoja kipotee kwa ajili ya kingine. Amlaumu yule aunganishaye bila kupima.

Baba yetu Martin Luther aliona jambo hili kwa macho yake. Alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, Karlstadt na wenzake walibadili ibada ya Wittenberg kwa haraka, na ghasia zikatokea mjini. Mwezi wa Machi 1522 Luther akarudi, akahubiri siku nane mfululizo. Hakusema kwamba mambo yale mapya ni mabaya. Mengi katika hayo yeye mwenyewe aliyafundisha. Alisema kwamba yamefanywa pasipo upendo, na kwamba walio dhaifu wamesukumwa kabla Neno halijawafikia moyoni. Akarudisha mambo mengi kama yalivyokuwa, akaendelea kufundisha, na utaratibu wake wa ibada kwa Kijerumani haukupigwa chapa mpaka mwaka 1526. Miaka minne alivumilia.

Nilipokuwa nikimtazama fundi akibadili jeti, nilimkumbuka mzee mmoja wa usharika wetu. Mwaka uliopita nilileta kinanda cha umeme na vipaza sauti, na nyimbo mpya za vijana zikachukua nusu ya ibada. Nilikuwa nimeyaona hayo mjini, nikapendezwa. Vijana walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini mzee yule, ambaye kwa miaka mingi alikaa mbele na kitabu chake cha Mwimbieni Bwana, akahamia nyuma karibu na mlango, kisha akaacha kuja. Nami nilisema, "Wazee ndivyo walivyo." Basi nilikwenda kwake. Akanipa kiti, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, kwa kinanda mimi sina neno. Lakini tangu siku ile sijaulizwa neno lo lote." Nikamwomba msamaha, naye akanipa mkono.

Ndugu zangu, mambo mapya hutujia kila mwaka kwa barabara ya Kitonga, na mengine ni mema sana. Tusiyafukuze kwa kuwa ni mapya. Lakini kila jambo lipimwe kwa Neno la Mungu, kisha lipimwe kwa hewa ya mahali. Lililofaa penye watu elfu mjini labda litazidi penye watu sitini mlimani. Tena tuangalie maungio. Palipo na manung'uniko yasiyosemwa, pana hewa ya wizi, na usharika utazima penye mlima, yaani siku ya msiba au siku ya njaa, wakati tunapouhitaji zaidi. Na mkiona kosa moja limetengenezwa na la pili likajitokeza, msikate tamaa. Ndivyo kazi ilivyo.

Neno la mwisho, nalo ni kubwa kuliko hayo. Kuna watu wamfungao Kristo maishani mwao kama nilivyofunga kabureta ile. Wamebatizwa, huja kanisani, hutoa sadaka. Lakini ulevi uko palepale, ugomvi wa shamba na ndugu uko palepale, na tunguri lingali darini. Kwa mkono wamemfunga, lakini moyo haukukubali kubadilika. Katika siku zilizo sawa huonekana kama waendao. Bwana wetu hakuja awe kiraka. Mtume Paulo afundisha katika 2 Wakorintho 5:17 kwamba aliye ndani ya Kristo ameumbwa upya. Hapo hatuna fundi wa kijijini. Roho Mtakatifu ndiye afanyaye kazi, kwa Neno na Sakramenti, kila siku, mpaka siku yetu ya mwisho. Tusimwambie kama nilivyomwambia fundi, "Ifunge tu." Tumpe siku zake zote azitakazo.

Kila nipandapo mlima ule sasa, pikipiki hupita bila kusita, nami hulikumbuka swali la bibi. Mungu anisaidie nisilisikie tena mlangoni pa mtu mwingine.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe haraka yetu iliyowaumiza ndugu zetu. Uwalinde wazee na vijana katika nyumba moja. Ututengeneze mioyo kwa subira yako, ili saa ya kuitwa tusikutwe tumezima njiani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.