Uaminifu wa Msafiri na Uaminifu wa Msomaji

Methali husema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Neno hili ni kweli kijijini na sokoni, ambako msemaji hujulikana, na jambo alisemalo huweza kwenda kutazamwa kabla ya jua kuchwa. Lakini kwa msafiri aliyekwenda mbali, njia ya mwongo yaweza kuwa ndefu sana. Hurudi kwao na habari za milima, mito na watu ambao wasomaji wake hawakuwaona na hawatarajii kuwaona. Akiongeza, hapana wa kupunguza. Akipunguza, hapana wa kuongeza. Mwandishi wa habari za maisha yake mwenyewe ana uhuru mkubwa kuliko huo, maana nchi anayoieleza ni moyo wake, na katika nchi hiyo hapana mgeni mwingine aliyepata kuingia. Basi msomaji afanyeje? Aamini au akatae? Kwa mtu asomaye ili apitishe jioni, swali hili ni dogo. Kwa watu ambao habari za wazee wao zimo katika vitabu vya wageni, ni swali la haki.

Iringa na Mbeya ni mahali pazuri pa kulipima swali hili. Nchi za Nyanda za Juu Kusini ziliingia katika maandishi kwa kalamu za watu waliokuwa wakipita. Mwaka 1877 James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza katika Msumbiji, alitoka ncha ya kaskazini ya ziwa Nyasa akapanda milima kuelekea Usangu. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Scotland mwenye umri wa miaka 21, alivuka Uhehe akashuka katika nchi ya Wanyakyusa. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga boma jipya la Iringa, na Magdalene, mkewe, aliyefuatana naye, akaandika kitabu kilichochapwa Berlin mwaka 1903. Mkwawa wa Uhehe na Merere wa Usangu hawakuandika kitabu. Walioandikwa walikuwa wenye nchi, na walioandika walikuwa wapitaji. Msomaji wa leo hana budi kuupokea ushahidi wa upande mmoja, au kuukosa ushahidi wa maandishi kabisa.

Wako wanaosema kwamba maandishi ya namna hii yatupwe yote, kwa kuwa waliyaandika watu waliotaka kutawala, kuuza au kubadili dini za watu. Wako wengine ambao huliamini neno lolote lililopigwa chapa, kana kwamba wino wa mtambo wa chapa huondoa uongo. Makundi haya mawili huonekana kuwa mbalimbali, lakini yamefanana katika jambo moja: yote yamekataa kazi ya kupima. Mtu humwamini mwenziwe kwa jambo moja akamtilia shaka kwa jambo jingine, na wala hafanyi dhuluma. Seremala huaminiwa katika habari ya mbao, lakini bei ya kabati lake huulizwa na kwingine. Kwa nini mwandishi apewe imani yote au anyimwe yote?

Kipimo cha kwanza ni faida. Neno la mtu lenye kumletea faida lapasa kupimwa; neno lenye kumtia hasarani huwa na nguvu zaidi. Thomson aweza kutolewa mfano. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimtuma kwenda kutazama makaa ya mawe yaliyosemekana kuwako upande wa mto Ruvuma. Mtu mwenye kutafuta kipenzi angaliweza kurudi na maneno ya matumaini, akalipwa na kusifiwa, na uongo wake ukajulikana baadaye sana. Thomson alirudi akasema kwamba hapakuwa na makaa ya maana, ila mawe meusi yasiyofaa kwa kazi iliyotakiwa, na Sultani hakupendezwa. Tendo hili haliufanyi kila ukurasa wa Thomson kuwa kweli, lakini lamwonyesha kuwa mtu aliyeweza kusema neno lisilopendwa na tajiri wake. Hiyo ni amana ndogo ambayo msomaji aweza kuanza nayo.

Kipimo cha pili ni muda na kusudi. Thomson huyo huyo, alipoifikia nchi ya Wanyakyusa, aliisifu migomba yake, usafi wa nyumba zake na utulivu wa watu wake, hata akaifananisha na nchi ya raha ambayo washairi wa Ulaya wa kale waliiimba. Sifa hizo zapendeza kusomwa Tukuyu na Mbeya. Lakini apitaye katika nchi kwa muda mfupi huona ua uliofagiwa. Hauoni ugomvi wa mirathi, wala njaa ya mwaka uliopita, wala hofu ya mchawi. Sifa ya mpita njia yaweza kuwa ya kweli kwa macho na pungufu kwa maarifa. Kadhalika wamisionari waliokaa muda mrefu zaidi walijua lugha na desturi kuliko yeye, walakini waliandika kwa wafadhili wao huko kwao, na mfadhili hufungua mkono zaidi akiambiwa kwamba giza ni kubwa na taa imekwisha washwa. Mmoja alikuwa na haraka, mwingine alikuwa na haja. Si lazima kumwita yeyote kati yao mwongo.

Kipimo cha tatu ni umbali baina ya siku ya tendo na siku ya kitabu. Elton alifariki katika Ugogo mwezi wa Desemba 1877, kabla hajafika pwani, na kitabu chenye jina lake kilitengenezwa na kukamilishwa na mwenziwe wa safari, H. B. Cotterill, kikatolewa mwaka 1879. Katika kitabu hicho msomaji husikia sauti mbili akidhani ni moja. Mfano mkubwa zaidi ni wa Livingstone. Mwaka 1871, huko Nyangwe katika Kongo ya mashariki, aliona watu wakiuawa sokoni, akaandika habari hiyo juu ya karatasi za gazeti kwa wino wa matunda. Kitabu kilichotolewa mwaka 1874, baada ya kufa kwake, kilitengenezwa na Horace Waller. Mwaka 2011 wataalamu waliyatoa maandishi yale ya kwanza, yaliyokuwa yamefifia, kwa kuyapiga picha kwa mianga mbalimbali. Yalipolinganishwa na maandishi ya baadaye, ilionekana kwamba baadhi ya maneno yaligeuzwa, hasa katika habari za mwenendo wa wafuasi wake mwenyewe. Mauaji yalikuwa ya kweli, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini hata mtu wa huruma, akipata nafasi ya kunakili upya, hukumbuka heshima ya nyumba yake.

Kipimo cha nne ni kizito kuliko vyote: je, mwandishi ni shahidi au ni mdai? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Magdalene von Prince alikaa Iringa katika miaka ambayo mumewe alikuwa akimwinda Mkwawa. Aliona mambo ambayo mwingine hakuyaandika, na asiyesoma kitabu chake hupoteza mengi. Mwishoni mwa 1896 serikali ya Wajerumani ilimweka Mpangile, ndugu wa Mkwawa, awe mtawala wa Uhehe. Mapema mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ilimwua kwa kumshuku kwamba alimsaidia nduguye. Katika jambo la namna hii mke wa mkuu wa boma hawezi kuwa mwamuzi, hata kama kila neno alilolitamka aliliamini. Tena hapa ndipo uongo na upendeleo hupasa kutengwa. Mwongo ajua kweli akaificha. Mwenye kupendelea huenda hakuiona kweli, kwa sababu alisimama mahali ambapo haionekani. Wa kwanza hustahili lawama. Wa pili hustahili msomaji mwangalifu.

Zaidi ya maneno yaliyosemwa, uko ukimya. Msafara wa Thomson ulikuwa na watu zaidi ya mia moja, na mnyapara wake alikuwa Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa walioichukua maiti ya Livingstone mpaka pwani. Safari ilikwendwa na miguu ya watu wengi, ikaandikwa na mkono wa mmoja. Laiti Chuma naye angaliandika, msomaji angalikuwa na mizani yenye vitanga viwili. Faida ya mizani hiyo huonekana mahali pachache ambapo pande zote mbili zilisema. Stanley aliandika kwamba mwaka 1876 alipatana na Tippu Tip kwa dola 5,000. Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, na ambazo Heinrich Brode alizitoa mwaka 1902 na 1903, asema zilikuwa 7,000. Hapana ajuaye kwa yakini nani alikosea au nani alificha, lakini msomaji wa vitabu viwili amekwisha kuwa huru, na msomaji wa kimoja bado yu mtumwa wa mwandishi wake.

Mpaka hapa mwandishi ndiye aliyesimamishwa kizimbani. Lakini yuko mwingine apaswaye kusimama pale, naye ni msomaji. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alijiua ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani, na fuvu lililotoka Bremen likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Mapokeo ya Wahehe husema kwamba adui hakumpata hai. Askari wa Kijerumani aliyefika kwanza mahali pale, jina lake Merkl, naye alitoa habari kwamba aliupiga risasi mwili, kisha akaukuta umekwisha kufa. Serikali ilikuwa imetoa ahadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa, na jina la kumwua lingalikuwa fahari kubwa kwa askari. Merkl hakuuchukua ushujaa ambao haukuwa wake. Kwa kipimo cha faida neno lake lina uzito, nalo laafikiana na neno la Wahehe wenyewe.

Kila msomaji wa Iringa hulipokea neno la Merkl kwa furaha, maana laihifadhi heshima ya Mkwawa. Lakini katika vitabu vya Wajerumani hao hao zimo habari za ukali wa Mkwawa kwa jirani zake na kwa watu wake mwenyewe. Msomaji aliyekuwa mwepesi wa kuamini mara huwa hakimu mkali. Husema kwamba Mjerumani ni adui, na neno la adui si ushahidi. Basi Mjerumani yule amekuwa mkweli anaposifu na mwongo anapolaumu! Kadhalika Mbeya: sifa za Thomson kwa migomba husomwa kwa sauti, na lawama za wamisionari hufungiwa sandukuni. Kufanya hivyo ni kumwomba mwandishi kioo chenye kumpendeza mtazamaji. Huenda habari za ukali zilitiwa chumvi, na pengine ziko zilizobuniwa. Vipimo vile vile vinne vitumike kuzichuja. Isiyofaa ni kuzichuja hizi kwa chujio jembamba na zile za sifa kuziacha zipite mlango wazi.

Kwa hiyo deni la ukweli lina wadaiwa wawili. Mwandishi adaiwa kusema aliloliona, na kutenga aliloliona na alilolisikia, na alilolisikia na alilolitamani. Msomaji adaiwa kutumia pishi moja kwa nafaka tamu na chungu. Mwandishi wa kale amekwisha kufa na daftari lake limefungwa; hapana awezaye kumtaka alipe tena. Msomaji yu hai, na kila ukurasa anaoufunua humpa nafasi ya kulipa sehemu yake. Katika nchi ambayo wazee wake wengi hawakuacha maandishi, kulipa huko ni namna moja ya kuwaheshimu: kuwatafuta jinsi walivyokuwa, si jinsi wajukuu wao wapendavyo wawe.