Umeshika?

Mama mkubwa hapandikizi kabichi asubuhi. Pale Mgeta hungoja jua lipoe, ndipo aende kitaluni na ndoo ya maji, ang'oe mche pamoja na donge lake la udongo, aubebe kwa viganja viwili kama kifaranga na kuushindilia kwenye tuta. Siku tatu nne zinazofuata mche hulala kama uliokufa. Hapo hakuna anayeuliza kama umeota, maana kuota kulikwisha kule kitaluni. Watu wanaopita njiani huuliza neno moja tu: umeshika?

Waganga wa hospitali walipohitaji neno la kumtolea mtu ini na kumwekea mwingine, walilichukua hilohilo la shambani, kupandikiza. Walichagua vizuri, ila waliliacha tutani lile la pili, kushika. Tafiti zao huzungumzia matokeo: wangapi wako hai baada ya mwaka 1, wangapi baada ya miaka 5. Hesabu hizo naziheshimu kwa sababu najua zililipiwa nini. Machi 1963, huko Denver, Marekani, daktari Thomas Starzl alimpandikizia ini mtoto wa miaka 3. Mtoto alivuja damu, akafia palepale mezani. Waliofuata hawakumaliza mwezi, kazi ikasimamishwa, na hadi 1967 ndipo walipoanza kupatikana wagonjwa walioishi mwaka na zaidi. Leo, katika vituo vyenye uzoefu, wagonjwa tisa katika kumi huuona mwaka wao wa kwanza.

Katikati ya tarehe hizo kuna mengi, lakini ninalolipenda ni la udongo. Mwili hukikataa kiungo cha mtu mwingine jinsi unavyokataa mwiba. Siklosporini, dawa iliyoutuliza ukataaji huo, ilitokana na kuvu aliyekutwa katika udongo wa nyanda za juu za Norwei. Takrolimasi, iliyokuja baadaye na kuipita, ilitokana na bakteria aliyepatikana mwaka 1984 katika udongo wa Tsukuba, Japani, chini ya mlima wa jina hilo. Tangu nilipolijua hili siupandi mlima wa kwetu, Bondwa, kama zamani. Tope linaloganda kwenye viatu vyangu nalitazama mara mbili.

Hata hivyo dawa hizo humezwa kila siku, na kwa walio wengi ni mpaka mwisho wa maisha. Mgonjwa anatembea, analima, anazaa, na bado kila asubuhi mwili wake unaombwa upya umvumilie mgeni. Je, huko ni kushika? Mche wa kabichi hauombewi hivyo kila kukicha.

Kuna watoto wanaozaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Ni sababu kubwa kuliko zote ya mtoto kuhitaji ini jingine, na mara nyingi mzazi ndiye hukatwa kipande cha lake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa watoto wa namna hiyo: ini lililotoka kwa mama lilishindwa mara chache kuliko lililotoka kwa baba. Maelezo wanayopendekeza ni kwamba wakati wa mimba seli za mama huvuka na kubaki ndani ya mtoto, kwa hiyo ini la mama linapoingia, mwili unampokea mtu uliyewahi kukaa naye.

Nililisoma jambo hilo nikiwa Mluguru, na Mluguru hawezi kulisoma kwa utulivu. Kwetu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, ya mama yake. Shamba lilirithiwa huko, na mwenye kauli ni mjomba. Sitaki kudai kwamba wazee walijua habari za seli, maana hawakuzijua, na utaratibu wao ulikuwa wa ardhi na urithi. Wala baba aliyelala mezani akapasuliwa kwa ajili ya mwanawe hakutoa kidogo, na maini ya akina baba nayo hushika kwa watoto walio wengi. Lakini nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda mrefu.

Mjomba wangu alikufa kwa homa ya ini aina ya B. Macho yaligeuka njano, tumbo likajaa maji, mikono ikabaki mifupa. Upandikizaji wa figo ulikuwa umekwisha kuanza nchini, Muhimbili mwaka 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka uliofuata. Kwa ini tuliambiwa India. Huko walio wengi hupewa kipande na ndugu aliye hai, na kinachobaki kwa mtoaji hukua tena ndani ya miezi michache. Tukakaa kikao. Sheria ya India ya mwaka 1994 inawataja ndugu wa karibu wanaoweza kutoa: mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, na baadaye wakaongezwa babu, bibi na wajukuu. Mpwa hayumo. Akitaka kutoa, sharti asimame mbele ya kamati ajieleze. Kwa mila zetu mimi ndiye niliyekuwa mtu wake wa kumrithi, na kwa orodha ile nilikuwa mtu wa kuhojiwa.

Halikufika huko. Nauli ilikuwa haijatimia alipofariki. Mwenyewe alikwisha kuniita kando. "Mjomba," aliniambia, kama tulivyozoea kuitana wote wawili, "wakikukata wewe uliye mzima, nani atabaki na hawa?" Nilimjibu kwamba ini huota. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Lakini ini lililoshika laweza kumzidi mtu maisha. Mwaka 2022, pia huko Marekani, ilitolewa taarifa ya maini 25 ambayo miaka yake, ukijumlisha ya ndani ya mtoaji na ya ndani ya mpokeaji, ilifikia 100 au kuzidi. Huyo wa miaka 100 ni nani? Mtoaji alizikwa zamani, na mpokeaji hajaufikia umri huo. Sisi Waluguru tuna chifu Kingalu wa Kinole, mwenye mvua, jina lililovaliwa na watu waliofuatana, mmoja akifa mwingine wa ukoo huohuo analichukua. Ukiuliza umri wa Kingalu, lazima kwanza useme unamuuliza yupi.

Kirusi kilichomuua mjomba nacho huweza kupita kwa mama, wakati wa kujifungua. Baada ya msiba tulipimwa wote wa lukolo. Dada yangu hakuwa nacho. Chanjo yake imo katika ratiba ya watoto wa Tanzania tangu 2002, na mwanawe alipotimiza wiki sita nilimsindikiza kliniki, hapa Morogoro mjini. Muuguzi aliangalia kadi, akauliza mimi ni nani kwa mtoto.

"Mjomba wake," nikasema.

Akaniambia nimshike miguu. Sindano iliingia pajani, mtoto akapiga kelele za kuujaza ukumbi, kisha akaanza kutafuta titi.