Mwenye Wimbo Ni Nani?

Chombo cha mfukoni cha kusikilizia muziki humuuliza mwenyewe masuali machache: jina la wimbo, jina la msanii, jina la albamu, mwaka. Ni masuali mepesi mpaka yaulizwe juu ya wimbo wa taarab. Wimbo wa taarab una mtunzi wa shairi, ambaye mara nyingi si yeye anayeimba, una aliyeutia muziki, una mwimbaji, una kikundi kilichoupiga, na pengine una mtu aliyekusudiwa, asiyetajwa kwa jina ilhali yeye ndiye sababu ya yote. Katika kioo cha chombo wote hao wamewekewa kiti kimoja, na anayekikalia ni mwimbaji. Hapo ndipo linapozaliwa suali la haki: msikilizaji ambaye hakuiba kitu, je, anadaiwa chochote na mtunzi ambaye jina lake halimo?

Yafaa kwanza kujua kiti hicho kimoja kilitoka wapi. Faili za MP3 zilitokana na kazi ya wahandisi, wakiwamo wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na mwanzoni zilibeba sauti tu bila ya majina. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni lebo ndogo iitwayo ID3, inayobandikwa mwishoni mwa faili. Lebo hiyo ilikuwa na baiti 128 tu: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na alama moja ya aina ya muziki, inayochaguliwa katika orodha ya aina 80. Taarab haikuwamo katika orodha, na mtunzi wa maneno hakuwekewa nafasi. "Siti binti Saad" ni herufi 15 pamoja na nafasi za katikati; "Ikhwani Safaa Musical Club" ni 26. Kila mmoja peke yake anaenea, lakini mwimbaji na kikundi chake hawaenei pamoja, sembuse mshairi. Hakuna aliyekaa akapanga kumdhulumu mshairi wa Unguja au wa Mombasa. Hakufikiriwa tu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hata hivyo itakuwa si haki kuibebesha kompyuta lawama yote. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurikodi santuri. Upande mmoja wa sahani za zama zile ulibeba dakika tatu hivi, na karatasi ya duara ya katikati ilikuwa na nafasi ya maneno machache. Siti hakuwa peke yake: akina Subeti Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk Effandi na Mwalim Shaaban walikuwa pamoja naye katika kundi. Lakini leo nyimbo zile zinaitwa nyimbo za Siti, na wachache tu wanaoweza kuwataja wenziwe. Mwaka huohuo wa 1928, huko Roma, mataifa yaliuongezea Mkataba wa Berne kifungu kinachompa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, hata akiwa amekwishauza haki zote za fedha. Sheria ilikiri huko kwamba jina ni jambo moja na malipo ni jambo jingine, na kwamba mtu anaweza kulipwa sawasawa na bado akadhulumiwa.

Washairi wa pwani walilijua hilo kabla ya mikataba. Wengi wao waliliingiza jina katika shairi lenyewe: katika beti za mwisho mtunzi alijitaja, akataja na mji wake. Haikuwa majivuno. Shairi lilikuwa likinakiliwa kwa mkono na kusafirishwa kwa kumbukumbu, na jina lililoandikwa pembeni lingeliachwa njiani, lakini jina lililofungwa kwa vina na mizani lilikuwa gumu kung'oka. Basi shairi lilipogeuzwa wimbo, na wimbo ukabanwa ndani ya dakika chache, beti za mwisho ndizo zilizokuwa katika hatari kubwa ya kubaki nje ya studio. Jina lililolindwa dhidi ya mnakili halikuwa na kinga dhidi ya saa.

Namna MP3 inavyofanya kazi ina funzo lake katika jambo hili. Faili huwa ndogo kwa sababu sehemu ya sauti hutupwa: mlio mdogo uliofunikwa na mkubwa huondolewa, kwa hoja kwamba sikio halitagundua. Kwa kipimo kilichozoeleka cha kilobiti 128 kwa sekunde, kinachobaki ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya kilichokuwamo katika sidii. Hoja hiyo inakubalika kwa sauti, kwani sauti ni ya msikilizaji, naye akiridhika hakuna aliyepotezewa. Lakini hoja hiyohiyo hupenya kimyakimya hadi kwenye majina. Msikilizaji hatagundua kwamba mtunzi hayumo, kwa hiyo mtunzi na aondolewe. Hapa mambo si sawa, kwa kuwa jina si mali ya anayesikiliza. Kutogundua kwake hakupunguzi deni.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza atasema kwamba wimbo ukishaimbwa ni wa watu wote, na uzuri hauhitaji cheti cha kuzaliwa. Ni kweli kwamba wimbo hupendeza bila ya jina. Lakini shairi ni neno la mtu kwa mtu, na anayelipokea neno bila ya kujali limetoka kwa nani hupokea nusu yake. Tena wanaosema kuwa wimbo ni wa wote huwa hawasahau kumtaja mwimbaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wa pili atasema kwamba mtunzi wa taarab mara nyingi alijificha kwa khiari yake. Wimbo ulikuwa kijembe, na mwenye kurusha kijembe hasimami mlangoni akijitangaza. Hoja hii ni nzito zaidi, nayo inafaa kuheshimiwa. Lakini kujisitiri ni tendo la mwenye jina, na kusahauliwa ni tendo la wengine. Kuyachanganya mawili haya ni kumsingizia maiti kwamba alitaka kupotea. Mwenye kupanga nyimbo zake anaweza kuchunga mipaka yote miwili: anayejulikana aandikwe, asiyejulikana nafasi yake iachwe tupu. Asichoruhusiwa ni kuijaza nafasi hiyo kwa jina la mwimbaji ili orodha ipendeze. Nafasi tupu inasema kweli, na mtu mwingine anaweza kuja kuijaza.

Wa tatu atalalamikia kazi. Nani ataandika majina ya nyimbo elfu? Apple ilipoizindua iPod mwezi Oktoba 2001 iliahidi nyimbo 1,000 mfukoni, na tangu hapo wingi ukawa ndio kipimo cha ubora wa chombo. Utengenezaji wa iPod ulikoma mwaka 2022, lakini kipimo hicho kimehamia katika simu. Nyimbo elfu za dakika nne nne ni zaidi ya saa 66, na asiyeweza kuzijua nyimbo zake haelekei kuwa amezidiwa na wajibu. Amezidiwa na uroho. Anayechagua chombo basi na aulize pia kama kioo chake kinaonyesha zaidi ya jina moja, kama kinafuata folda alizozipanga mwenyewe, na kama alichokiandika kitabaki pale faili litakapohamishwa. Nafasi yenyewe ipo. Tangu mwaka 1998 lebo mpya ya ID3 ina mahali pa mtunzi wa maneno, pa mtunzi wa muziki, pa mwimbaji na pa kikundi, kila mmoja mbali. Programu za bure za kompyuta huzifungua nafasi hizo kwa dakika moja.

Lebo hiyo ina tabia ya ubeti wa mwisho: inakaa ndani ya faili, si pembeni. Wimbo ukinakiliwa kutoka flashi hadi simu, na kutoka simu hadi simu, jina husafiri nao, na kosa nalo husafiri vilevile. Mkono mmoja uliosahihisha unaweza kufika kwa mamia ya watu wasiojuana. Na wanaoweza kusema wimbo fulani ni wa mtunzi fulani, kwa sababu walikuwapo ukumbini au waliishi nyumba ya jirani, ni wazee. Wengine wao wanakumbuka hata aliyekusudiwa, jambo ambalo si lazima liandikwe. Jina la mtunzi waulizwe leo, na jibu lao litiwe katika nafasi yake siku hiyohiyo.