Jina Chini ya Picha

Katika jumba la makumbusho la Thyssen-Bornemisza mjini Madrid, Hispania, ipo picha ya kuchorwa ya mtu mweusi mwenye kofia ndefu nyeupe. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa ni Hercules, mpishi mtumwa wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na kwamba mchoraji ni Gilbert Stuart. Kofia ndiyo iliyowashawishi wengi. Lakini wakati ule wapishi hawakuwa wameanza kuvaa kofia za namna hiyo, na wataalamu wa miaka ya karibuni wamesema si kazi ya Stuart wala si Hercules. Huenda ni mtu huru wa visiwa vya Karibi. Jina lake halijulikani.

Hercules mwenyewe alikuwepo kweli. Alitoroka Mount Vernon, shamba la Washington, tarehe 22 Februari 1797, siku bwana wake alipotimiza miaka 65. Baadaye binti yake mdogo aliulizwa kama anasikitika kwamba hatamwona tena baba. Akajibu kuwa anafurahi, maana baba sasa yuko huru. Nani asingependa kuuona uso wa baba huyo?

Je, ni kosa kumpa mtu asiyejulikana jina la mwingine, kwa upendo? Kwetu Kibaha na Kisarawe swali hili si la mbali. Wamisionari wa Kijerumani walifika Kisarawe na Maneromango miaka ya 1890, na tunapoandaa vitabu vya jubilei hutokea picha ya zamani, wazee wamejipanga, nyuma hakuna maandishi. (Jina la mmisionari, aghalabu, lipo.) Mmoja wetu husema: andikeni jina la mwinjilisti wa kwanza, wajukuu watafurahi.

Tunadhani hapana. Amri ya kutoshuhudia uongo tumezoea kuisoma kama inakataza kumchafua mtu tu. Lakini Yakobo alibarikiwa ndani ya mavazi ya Esau, na Esau akalia. Yule wa Madrid naye alikuwa na mama aliyempa jina, na kila anapoitwa Hercules jina hilo linazidi kufunikwa.

Wako wanaosema heri uso wa kuazima kuliko ukuta mtupu. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa watoto. Hata hivyo, binti wa Hercules alikuwa mtoto, na aliweza kuishi na pengo. Chini ya picha yetu na iandikwe: wazee wa usharika, majina hayajulikani. Kisha ipelekwe kwa bibi zetu wa Maneromango ambao bado wanaona vizuri, kabla kitabu hakijaenda kuchapwa.